Mwaka Niliokaa Getini

Tulimzika Mwalimu Perpetua Alhamisi, na Ijumaa nikarudi msibani kukaa na wafiwa. Nilikuwa mkekani uani, namenya vitunguu pamoja na kina mama wa kanisani kwake ambao hata majina yao siyajui, aliponijia mwanamke mmoja mnene mwenye miwani, khanga kajifunga kiunoni. Akapiga goti mbele yangu. "Shikamoo, Mama Visheti." Kisu kikanisimama mkononi. Jina hilo nilikuwa sijalisikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na waliokuwa wakiniita hivyo walikuwa watoto wa darasa moja, tena kwa mwaka mmoja tu. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza, "Wewe nani, mwanangu?" Akasema, "Neema, mama. Niliyekuwa nakaa dawati moja na Salha." Nikamtazama vizuri, na nyuma ya miwani nikamwona mtoto wa miaka saba mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Tukashikana mikono, tukalia, na wale kina mama wakadhani tunamlilia marehemu. Tulimlilia, ndiyo. Lakini mie nilikuwa naulilia na mwaka ule wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hofu niliyokuwa nayo sijapata kuwa nayo tena, hata siku nilipomzika mume wangu.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, choo na bafu uani. Sie tulikuwa chumba cha pili kushoto: mimi, Baba Salha na Salha mwenyewe, mtoto wetu wa pekee. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba imeanza kujaa sokoni, maduka yana sabuni za kila rangi, na kule kiwandani Chang'ombe alikofanya kazi mume wangu kila wiki ilisemwa kiwanda kitauzwa. Watu walikuwa na hofu zao za mwaka ule. Mie hofu yangu ilikuwa moja, nayo ilikuwa inalala kitandani kwangu. Salha alianza kuanguka akiwa na miaka mitano. Mara ya kwanza nilisema degedege. Mara ya pili nikasema homa. Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kwenda bombani kuchota maji, nimemwacha uani karibu na jiko la mkaa nikijua nitarudi sasa hivi, na niliporudi nilimkuta mkono wake wa kulia uko juu ya makaa, naye hajui. Hakulia, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mtoto anaungua na uani kumetulia kabisa, kuku wanadonoa.

Kliniki walisema kifafa, wakatupa vidonge vya kumeza kila jioni. Vilikuwa vichungu, nikawa navificha ndani ya ndizi mbivu. Vilisaidia, akawa anaanguka mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, lakini hakuna aliyejua siku wala saa. Tukakubaliana na Baba Salha kwamba jambo hili halitoki chumbani. Wenzetu ndani ya nyumba tuliwaambia alijikwaa kwenye jiko. Sababu ya kuficha niliisikia kwa masikio yangu. Asubuhi moja nilikuwa bafuni naoga, na jirani yetu wa chumba cha mbele, Mama Zuhura, alikuwa anafua pale nje na mgeni wake, wanamzungumza kijana fulani wa mtaa wa pili. Mama Zuhura akasema, "Yule akianguka mkimbie, shoga. Povu lake likikugusa, nawe unaanguka mpaka kufa kwako. Kwetu mtu wa namna ile hata chombo chake kinatengwa." Nilisimama na kata ya maji mkononi, sabuni inanikaukia mwilini, nikasubiri mpaka wamalize kufua ndipo nikatoka. Mama Zuhura hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenipa uji nilipojifungua. Tangu siku ile, Salha akianza kukakamaa, nilikuwa nafunga mlango na kufungulia redio. Redio hazikukosekana kwetu. Mume wangu alikuwa anapenda kuzifungua na kuzitengeneza, kila Jumapili katandaza mkeka na kuzizunguka na bisibisi yake, na zile zilizopona zilipangwa juu ya kabati. Majirani walijua sie tunapenda muziki.

Kisha Salha akafika umri wa shule. Mie nilitaka asiende mwaka ule. Nilitaka tusubiri mwaka mwingine, na mwingine. Baba Salha akasema, "Mama Salha, utamlinda mpaka lini? Mpaka aolewe, ukakae mlangoni kwa mumewe?" Nikampeleka kuandikishwa. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tii, katoka bara, anasema polepole kama anayehesabu maneno, na fimbo kaiweka mezani mbele yake. Huyo ndiye Mwalimu Perpetua. Wakati ule mtoto alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili basi kafikisha umri. Salha akapitisha wa kushoto, akagusa. Mwalimu akasema, "Na wa kulia?" Wa kulia haukunyooka, kovu lilikuwa limeuvuta kwenye kiwiko. Nilikuwa nimemvalisha sweta la mtumba la mikono mirefu, jua lote lile. Mwalimu akalivuta sweta kidogo, akatazama.

"Huyu alipatwa na nini?"

"Maji ya moto, mwalimu."

Akanitazama, akautazama mkono, akaandika jina. Nikashukuru Mungu kwamba uongo wangu umepita.

Wiki ya kwanza nilimpeleka, nikarudi nyumbani, na sikuweza kufanya lolote. Nilikuwa naacha wali unaungua nikiwaza kisima cha shule, ngazi za ofisini, mawe ya uwanjani. Wiki ya pili nikakaanga visheti beseni zima, nikachukua kigoda changu na kitambaa changu cha kudarizi, nikaenda kukaa getini. Geti lenyewe lilikuwa nguzo mbili za saruji, mlango hamna. Pale palikuwa na wauza mihogo na mwuza maembe ya pilipili, wakanisogezea nafasi. Nilijifanya mfanyabiashara. Mtu aliyenitazama alimwona mwanamke kijana anauza visheti na kudarizi maua, lakini mie macho yangu yalikuwa kwenye dirisha la tatu la jengo la kushoto, ambako mara moja moja niliona ncha ya kichwa cha mwanangu kilichosukwa mabutu. Kudarizi nilikuwa nakupenda tangu usichana. Vitambaa vyangu vya makochi vilijulikana mtaa mzima, majirani wenye harusi walikuwa wakija kuviazima. Mwaka ule sikumaliza hata ua moja lililonyooka. Ninacho kitambaa kimoja cha wakati ule mpaka leo, mshono unatembea kama mlevi, maana kila sindano moja nilikuwa nainua macho mara tatu.

Saa nne watoto walipotoka mapumziko ndipo nilipokuwa nakufa na kufufuka. Wasichana walikuwa wanacheza rede, wawili wanarushiana mpira na wengine katikati wanakwepa, na Salha alikuwa anaipenda rede kuliko chakula. Nilimkataza. Nilimkataza na kuruka kamba, na kupanda mti wowote, na kusogelea kisima, na kwenda chooni bila mwenzake. Basi alikuwa anakuja kukaa ubavuni kwangu pale getini, anakula kisheti chake polepole, anawatazama wenzake. Siku moja aliniuliza, "Mama, wewe huendagi nyumbani?" Nikamwambia mie nafanya biashara. Akatazama beseni, visheti bado vimejaa. Neema alikuwa anakuja naye mara nyingi, kile kitoto cha mapengo, baba yake polisi kutoka Iringa, na alikuwa anamsemesha mwenzake kwa sauti ya chini, wakiniona nasikiliza wanaacha. Nilidhani ni mambo ya kitoto. Usiku nilikuwa namuuliza Salha, "Leo hukusikia kizunguzungu?" Anajibu, "Hapana." "Hata kidogo?" "Hata kidogo, mama." Mwezi Machi ukapita, Aprili na mvua zake ikapita, na nyumbani alianguka mara moja tu. Nikaanza kuamini kwamba vidonge vimemponya. Nilimwambia Baba Salha hivyo, naye akafurahi mpaka akatupeleka kula chipsi Temeke.

Mwezi wa saba nikashikwa na malaria. Siku mbili sikuweza kuinua kichwa, Baba Salha akawa anampeleka mtoto kabla ya kwenda kazini. Siku ya tatu niliamka asubuhi na kifua kinanigonga. Sikuwa na sababu. Nilijifunga khanga mbili, nikatoka bila beseni, nikatembea nimeshika kuta za watu. Getini mwuza mihogo mmoja akaniuliza kama naumwa. Nilipita moja kwa moja mpaka dirisha la tatu. Darasani watoto walikuwa wanaimba hesabu za kuzidisha kwa mbili, sauti zote pamoja, mbili mara tatu sita, mbili mara nne nane. Nikashika nondo za dirisha, nikachungulia. Mwanangu alikuwa sakafuni.

Alikuwa kalala ubavu, miguu inapiga, macho yamegeuka, povu linamtoka. Na watoto wale sitini na zaidi walikuwa wanaimba hesabu. Hakuna aliyekimbia. Dawati lilikuwa limesogezwa, na aliyekuwa amelisogeza ni Neema, bado kalishikilia kwa mikono yote miwili. Sweta la mtumba lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa chini ya kichwa cha Salha. Mwalimu Perpetua alikuwa kapiga magoti sakafuni na gauni lake zuri, mkono mmoja begani kwa Salha bila kumkandamiza, mkono mwingine una saa, na aliposikia sauti za watoto zinalegea alisema bila kugeuka, "Hesabu, endeleeni." Wakaendelea. Mbili mara saba kumi na nne. Sijui nilizungukaje mpaka mlangoni. Nilipoingia, Neema akaniona, akaweka kidole mdomoni. "Usipige kelele, mama. Anaamkaga mwenyewe. Mwalimu kasema tusimshike."

Anaamkaga. Kwa hiyo haikuwa mara ya kwanza. Nikakaa chini kwenye vumbi la chaki. Mwalimu akamfuta Salha povu, mdomoni mpaka shingoni, kwa mkono mtupu, kama anayemfuta mtoto uji. Miguu ikatulia. Pumzi ikarudi, nzito. Baada ya muda macho yakafunguka, yakazunguka darasani bila kujua kitu, kisha yakanifikia mie. Nilitarajia atalia aje kwangu. Salha alijiburuza kurudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mguu wa dawati. Kope zinatetemeka, ulimi bado mzito, akasema, "Sikuanguka, mama. Nimejilaza tu. Wallahi nimejilaza tu."

Nimepita mengi maishani. Mtoto kuniogopa hivyo, sijaona mfano wake.

Mwalimu alimwacha Salha alale kwenye mkeka kule nyuma ya darasa, Neema yuko karibu yake, kisha akanitoa nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa natetemeka, nusu malaria nusu hasira. Nikamwambia, "Mwalimu, mwanangu ameanguka mara ngapi hapa?"

"Hii ni ya nne."

"Mara nne! Na mie nipo getini pale kila siku ya Mungu. Kwa nini hukuniambia?"

Akasema kwa ile sauti yake ya polepole, "Na wewe, Mama Salha, kwa nini hukuniambia?"

Akaendelea, "Mkono ulioungua kwa maji naujua, na ulioungua kwa makaa naujua. Nilisubiri uniambie. Mara ya kwanza alipoanguka, wenzake wote walikimbilia mlangoni, akabaki Neema peke yake. Nikawaita wote warudi, nikawaonyesha kwamba nimemshika na sijafa. Salha alipoamka alinishika gauni. Akasema, mwalimu, usimwambie mama, atanifungia ndani. Nikawaambia watoto hili ni la darasa letu. Wameliweka tangu mwezi wa pili."

"Wewe si mama yake. Hukuwa na haki hiyo."

"Sina," akasema. "Nimelijua hilo kila siku nikikuona pale getini." Akawa anajipangusa chaki vidoleni. "Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Sisi tulimficha. Wageni wakija, chumbani. Ibada, chumbani. Alianguka siku moja tuko shambani sote, yeye tumemfungia ndani, akaangukia kifudifudi kwenye mto wa kulalia. Tulipofungua mlango alikuwa ameshapoa. Ugonjwa haukumuua, Mama Salha. Hapakuwa na mtu wa kumgeuza, basi."

Mpaka leo, na nimemzika juzi, siwezi kusema alifanya sawa. Kama Salha angegonga kichwa kwenye saruji ile, ningemlaani mwanamke huyu hadi kaburini, na mwenyewe alijua hivyo. Nilimchukia kwa wiki nzima. Kisha nikampelekea visheti, na urafiki wetu ukaanzia hapo, wa kugombana na kupatana, Krismasi kwake na Idi kwangu. Lakini nikikumbuka naona tulikuwa wanawake wawili tuliokuwa tunaogopa kitu kimoja kila mmoja upande wake wa ukuta, na katikati yetu mtoto wa miaka saba anajitahidi kutustiri sote. Salha yupo. Ana mafundi charahani wawili chini yake kule Chamazi, ana mume na watoto wawili, anameza dawa zake, na huwa anaanguka pengine mara moja kwa mwaka. Kila asubuhi nampigia simu. Anajua sababu ya simu hiyo ingawa hatuisemi. Hupokea anasema, "Nimeamka, mama," na mie namuuliza habari za mvua.

Siri waliyoiweka watoto ilipasuka ilipofika kwa watu wazima. Malaria yangu ilipoisha habari zilikuwa zimeenea, kwa kuwa yule mwuza mihogo aliniona natoka na mtoto aliyelegea, akauliza akaambiwa. Wazazi watatu walikwenda kwa mwalimu mkuu wakataka watoto wao wahamishwe dawati. Wakahamishwa. Dawati lililokuwa linakaliwa na watoto watano likabaki na Neema na Salha peke yao. Mie nililia jioni ile. Salha akaniambia, "Mama, mbona tumepata nafasi ya kuandika!" na kweli mwandiko wake ulinyooka tangu siku hiyo. Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Mama Zuhura aliacha kuwaruhusu wanawe kula sinia moja na Salha. Aliwaita tu ndani kila chakula kilipoiva, na kikombe cha plastiki cha pale kwenye mtungi alichokuwa akinywea Salha nikakikuta kimewekwa peke yake juu ya ukuta wa bafu. Nilikichukua nikakitumia mwenyewe, mbele yake, kila siku, kwa miezi miwili. Siku moja Salha alianguka koridoni, mchana, mlango wa chumba uko mbali na redio imezimwa. Nilimgeuza ubavu kama nilivyoona kwa mwalimu, nikakaa naye. Niliposhtuka Mama Zuhura alikuwa kasimama mlangoni kwake, kajiziba mdomo kwa khanga. Hakuja karibu. Lakini hakukimbia, na baadaye kidogo alitandika khanga yake chini, mbali nasi hatua mbili, akaisukuma kwa mguu mpaka ikanifikia.

Getini niliendelea kukaa mpaka mwezi wa kumi na moja. Siku moja, shule inakaribia kufungwa, Salha alikuwa anavua viatu, akasema bila kunitazama, "Mama, kesho usije." Nikauliza visheti je. Akasema, "Watoto hawana hela sasa hivi." Baba Salha alikuwa na redio yake mapajani, akainamisha kichwa akajifanya anatafuta waya. Nikasema sawa, sitakuja. Sikulala.

Asubuhi ilipofika nilimfunga utepe, nikampa kipande cha mkate, nikamtazama akitokomea koridoni. Nikafagia chumba. Nikakifagia tena. Nikachukua kitambaa, nikashindwa kutunga uzi. Nyumbani kwetu kengele ya shule ilikuwa inasikika kwa mbali, na ilipolia ya saa nne nilihesabu ninavyojua: sasa wanatoka, sasa wanakimbilia uwanjani, sasa mpira wa rede umerushwa. Niliinuka kwenda, nikakaa. Niliinuka tena mpaka nikavaa kandambili. Hapo nikasikia miguu ya mtoto inakimbia kutoka barabarani, inaingia koridoni, inakuja kwetu. Miguu miwili tu. Mtoto mmoja. Nikajua. Nikashika kitasa, na mlango ukasukumwa kutoka nje.

Alikuwa Neema, anahema, jasho linamtiririka, vumbi la uwanja mpaka kwenye kope.

"Salha yuko wapi?" Sauti haikuwa yangu.

"Anacheza," akasema. "Kanituma. Kasema nije nikuone kama kweli uko nyumbani."

Nikamtazama. Akanichunguza tangu utosini mpaka kwenye zile kandambili, kwa makini, kama aliyeagizwa arudi na habari kamili.

"Mwambie nipo," nikasema. "Mwambie umenikuta nimekaa."

Akageuka akatimua mbio, na mie nikakaa chini, ili asije akawa amesema uongo.